Kibubu, simu, benki au biashara: kumfunza mtoto pesa kabla karo ya chuo haijabisha hodi

Mzazi anayeuliza "nimfungulie mtoto akaunti gani?" mara nyingi anauliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni jinsi ya kumfanya mtoto aijue pesa: inavyopatikana kwa jasho, inavyoisha, na kwamba ukinunua hiki umekikosa kile. La pili ni karo ya chuo itatoka wapi. Mambo haya hayana jibu moja. Kibubu hakitalipia mtu kozi ya uhandisi, na bima ya elimu inayokatwa kwenye mshahara wa baba haimfunzi mtoto chochote, maana hajaiona wala kuigusa. Kwa hivyo nitalinganisha kwanza vyombo vya kumfunzia mtoto, kisha vyombo vya kuwekea karo, na mwisho niseme vinapokutana.

Karo yenyewe imebadilika sura. Zamani mwanafunzi aliyepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasomea ualimu au udaktari. Mfumo uliotangazwa Mei 2023 uliondoa bei hiyo. Sasa familia hupangwa katika bendi tano kulingana na kipato, na gharama ya kozi hukatwa vipande vitatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na mchango wa nyumbani. Mfumo ulipoanza, kipande cha nyumbani kilikuwa asilimia 5 kwa bendi ya kwanza, kikapanda hadi asilimia 40 kwa bendi ya tano. Mfumo huu ulipelekwa kortini. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na wanafunzi wakaendelea kupangwa kwa bendi.

Tuchukue kozi ya 200,000 kwa mwaka, kwa mfano tu, na kwa viwango hivyo. Familia ya bendi ya tano itatoa 80,000 kila mwaka, yaani 320,000 kwa miaka minne. Serikali inatoa asilimia 30, na asilimia 30 iliyobaki ni mkopo, kwa hivyo kijana anamaliza akiwa na deni la 240,000 la karo peke yake, mbali na mkopo wa kujikimu. Deni hilo limeandikwa jina lake, si lako. Hapo ndipo kumfunza mtoto pesa kunapoacha kuwa malezi mema tu na kuwa maandalizi ya kitu kinachomngoja.

Pesa ya kila siku au ya wiki?

Tuanze na kinachofanyika kila nyumba ya Mombasa kuanzia Likoni hadi Mtopanga. Mtoto anatoka asubuhi, anapewa hamsini au mia, jioni hana kitu, kesho anapewa tena. Faida yake ni kwamba mzazi wa kibarua hutoa kadiri alivyopata jana, na pesa ikipotea au akinyang'anywa, ni ya siku moja. Kasoro yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto wa namna hii hajawahi kukutana na siku ya kesho. Pesa ikiisha saa nne, hana anachojifunza, kwa sababu asubuhi itakuja nyingine. Anakua akijua kwamba pesa ni kitu kinachotolewa mlangoni.

Ukimpa ya wiki, Jumapili jioni, mara moja, unamkabidhi uamuzi. Akila viazi karai na mabuyu Jumatatu na Jumanne, Alhamisi atakaa bila kitu. Alhamisi hiyo ndiyo somo lenyewe, na ni mzazi anayeliharibu. Mama anaona huruma, anatoa nyingine, na mtoto anajifunza kwamba kuishiwa hakuna gharama. Ukiamua njia hii, basi nauli na chakula cha lazima vitoe nje ya hesabu ili mtoto asilale njaa wala asikwame stejini, kisha kilichobaki kiache kiishe chenyewe. Usiongeze.

Kwa watoto wa chini ya miaka minane naona siku moja inawatosha. Wiki kwao ni ndefu mno. Kuanzia miaka tisa au kumi, wiki. Akifika kidato au gredi za juu, hasa wa bweni, mpe ya nusu muhula na orodha ya vitu anavyopaswa kujinunulia: sabuni, dawa ya meno, daftari, nauli ya kurudi. Sijui zoezi jingine linalofanana zaidi na mkopo wa kujikimu wa chuo, unaoingia kwa mkupuo na kutakiwa umfikishe mwisho wa muhula. Wanafunzi wengi huumaliza wiki za mwanzo kwa simu mpya na viatu kwa sababu ndiyo mara yao ya kwanza kushika pesa ya zaidi ya siku mbili.

Na kulipwa kwa kazi za nyumbani? Wapo wanaolipa mtoto kwa kuosha vyombo. Mimi nakataa. Vyombo alikula navyo yeye pia. Ukimlipa leo, kesho atakuuliza kupeleka chai kwa nyanya yake ni shilingi ngapi. Lakini kazi ambayo ungemlipa mtu wa nje, kama kuosha tuktuk ya baba, kupaka ukuta rangi, kumfundisha mdogo wake hesabu wakati wa likizo, hiyo mlipe, tena umlipe bei ya kweli, na ikifanywa vibaya irudiwe kabla ya malipo.

Kibubu, simu na benki

| Chombo | Kinachofunza vizuri | Kinachopotea | Umri |
|---|---|---|---|
| Kibubu | Kusubiri. Kuona akiba ikijaa | Haiongezeki, bei zinapanda | 5 hadi 10 |
| Simu | Ada, rekodi, kupanga matumizi | Pesa haishikiki, inatoka kwa urahisi | 13 na zaidi |
| Akaunti ya mtoto | Subira ya miaka, heshima ya taasisi | Mtoto haioni mara kwa mara | 8 na zaidi, pamoja na mzazi |

Kibubu kina nguvu moja ambayo hakuna programu ya simu imeipata: mtoto anakinyanyua na kusikia uzito. Wakati wake mzuri ni sikukuu. Watoto wa Mombasa hupata pesa za Idi kutoka kwa ami, shangazi, khalati na majirani, na zamani na sasa nyingi huishia kwenye pembea na aiskrimu za Makadara. Sisemi wasiende Makadara. Nasema kabla ya kutoka, mtoto mwenyewe azigawe mafungu matatu mezani: ya kutumia leo, ya kitu anachokitamani, na ya sadaka. Fungu la pili liingie kwenye kibubu, na kiandikwe kwa nje ni cha nini. Kibubu kisicho na jina la kitu huvunjwa mapema.

Udhaifu wake uwe wazi pia. Mwaka 2019 Benki Kuu ilitoa noti mpya, na kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo noti ya zamani ya 1,000 ikapoteza thamani kabisa. Aliyekuwa amezificha na hakupata habari alibaki na karatasi. Hata bila tukio kama hilo, shilingi iliyolala chini ya godoro miaka kumi haitanunua ilichonunua ilipolazwa. Kwa hivyo kibubu ni cha miezi, si cha miaka. Kikijaa, kifunguliwe mbele ya mtoto, zihesabiwe, na zinunue alichokusudia au zipelekwe benki akiwepo.

Simu. Safaricom ina M-PESA Go kwa walio kati ya miaka 10 na 17, ikiwa chini ya usimamizi wa mzazi. Kizuri chake ni rekodi: mwisho wa wiki mnakaa pamoja mkapitia jumbe, na hakuna "sijui zilienda wapi". Kizuri cha pili ni ada. Mwonyeshe mtoto kwamba kutoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa 29. Mwache apige hesabu mwenyewe: ni zaidi ya sehemu moja kwa saba imekwenda kwa kutoa tu. Mtoto aliyeelewa hilo atauliza ada kabla ya kusaini kitu maisha yake yote.

Hata hivyo nina hofu na simu ambayo sina na kibubu. Pesa isiyoshikika haiumi ikitoka. Tena kwenye kioo hicho hicho yapo matangazo ya kamari, na Fuliza, huduma ya kukopa pale salio la M-PESA halitoshi, iko kwenye menyu ya simu ya mzazi ambayo mtoto huitazama kila siku. Vijana wa shule wanacheza kubahatisha kwa laini za watu wazima. Kila mwalimu wa pwani anajua. Mtoto aliyezoea kuona salio likipanda bila kazi atakuwa na kazi ngumu kuamini akiba. Ndiyo maana naiweka simu baada ya kibubu, isiwe badala yake.

Akaunti za watoto zipo katika benki nyingi: KCB ina Cub, Co-operative ina Jumbo Junior, Postbank ina Bidii Junior, na benki zinazofuata sheria ya Kiislamu kama Gulf African zina huduma za akiba kwa familia zinazokwepa riba. Uliza mambo matatu tu kabla ya kufungua: kuna makato ya mwezi? Unaruhusiwa kutoa mara ngapi kwa mwaka? Na mtoto anapewa kitu gani cha kushika, kadi au kijitabu? Hili la tatu wazazi hulidharau. Akaunti ambayo mtoto hajawahi kuona karatasi yake ni akaunti ya mzazi iliyoandikwa jina la mtoto. Usalama upo: amana katika benki zenye leseni ya Benki Kuu zina bima ya hadi 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki, chini ya shirika la KDIC. Vyama vya kuchangiana kwa zamu na kibubu havina.

Biashara ndogo: mwalimu mkali kuliko wote

Kama ningelazimishwa kuchagua njia moja, ningechagua hii, kwa mtoto wa miaka kumi na miwili na kuendelea, wakati wa likizo. Mji wetu unairahisisha. Mabuyu, achari ya embe, kachiri za muhogo, barafu za ukwaju, vyote vinahitaji mtaji mdogo, na wateja ni majirani wa mtaa huo huo. Muhogo na embe vinapatikana Kongowea kwa bei ya jumla ukiamka mapema. Mtoto anayebeba mfuko kutoka Kongowea kwa matatu ameshajifunza kwamba usafiri ni gharama kabla hujamwambia neno.

Hesabu ndiyo yenye thamani, na hapa wazazi wengi hawajitokezi. Tuseme amenunua malighafi za 500 na kuuza kwa 800. Atakuja mbio kusema amepata faida 300. Kaa naye. Sukari ilitoka kabatini kwa mama. Gesi ilichomwa saa nzima. Vifuko vya kufungia alivichukua dukani kwa ahadi. Wadogo zake walikula pakiti kadhaa, na rafiki mmoja alikopa hajalipa. Ukishatoa yote, pengine imebaki 90. Usimfiche hiyo 90, na usimwonee huruma ukaijaza ifike 300. Atakunja uso, kisha siku ya pili atawafukuza wadogo zake kwenye karai. Huyo ameelewa mtaji, gharama, hasara na deni baya ndani ya siku mbili. Pia ameelewa kwa nini baba hurudi amechoka na bado pesa hazitoshi, jambo ambalo hakuna hotuba ya mezani hulifikisha.

Mipaka iwepo. Mtoto asitumwe kuuza barabarani usiku wala kwenye foleni za magari, na shule isikatizwe. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya kazi inayodhuru masomo au afya yake, na hata isingekuwepo, lengo hapa si kuchangia unga wa nyumbani. Shule nyingi hukataza kuuziana darasani, kwa hivyo biashara ibaki nyumbani na mtaani. Na pesa aliyopata ni yake. Ukiikopa, irudishe siku uliyosema. Mzazi anayekopa kwa mtoto na kunyamaza amefundisha kitu, lakini sicho alichokusudia.

Upande wa mzazi: karo iwekwe wapi

Hapa nitakwenda haraka kwa baadhi ya vyombo, kwa sababu jambo linaloamua si faida ya asilimia ngapi. Ni namna pesa inavyoingia nyumbani kwako.

Mwenye mshahara wa kila mwezi, kama wa bandarini au mwalimu, SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) humfaa sana. Makato hutoka kabla pesa haijafika mkononi, na SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa hivyo hata kama hujafikisha karo yote, unaweza kukopa iliyobaki kwa riba iliyo chini ya ile ya mikopo ya simu. Hakikisha inasimamiwa na SASRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia SACCO.

Wa hoteli za Nyali na Bamburi, wa boti, wa tuktuk, wa kuuza nguo, pesa yao ina misimu. Desemba inajaa, mvua za Aprili hadi Juni zinaikausha, na wengine hurudishwa nyumbani hadi watalii warudi. Mtu huyu asifunge mkataba wa bima ya elimu unaodai kiasi kile kile kila mwezi kwa miaka kumi na miwili. Ukikatiza miaka ya mwanzo, waweza kurudishiwa kidogo kuliko ulichoweka, au usirudishiwe kabisa. Bima hiyo ina jambo moja jema ambalo vingine havina, kwamba mzazi akifariki karo inaendelea kulipwa. Kwa mzazi anayelea peke yake na mwenye kipato thabiti, hilo ni kubwa na lina bei yake ya haki. Kwa wa msimu, nafuu ni mifuko ya MMF (money market fund), ambako kampuni huwekeza pesa za watu wengi kwa pamoja: unaweka ulichonacho, ukikosa huulizwi, na unatoa ndani ya siku chache. Faida yake hukatwa kodi ya asilimia 15. Hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na anayeepuka riba aulize mifuko inayofuata sharia.

Chama ni kizuri kwa nidhamu na kwa undugu, na akina mama wa mji huu wamesomesha watu wengi kwa vyama. Tatizo ni tarehe. Chuo hufungua Agosti au Septemba, na zamu yako ikiwa Machi, pesa itakuwa imeshaliwa na mabati. Omba zamu yako iangukie Julai, na uiombe mapema, mwanzo wa mzunguko.

Pale viwili vinapokutana

Nyumba nyingi humficha mtoto hesabu ya karo hadi wiki ya barua ya chuo. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, tukitaka asome bila wasiwasi. Lakini anayejaza kozi ni yeye, na atakayelipa mkopo ni yeye. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wanatarajiwa vyuoni 2029. Huo ni muda wa kutosha wa kumkalisha mtoto wa miaka kumi na tano au kumi na sita na kumfungulia daftari: tunaingiza kiasi hiki, tunatumia hiki, akiba yako ni hii, na yamkini tutaangukia bendi hii.

Kisha linganisheni pamoja. Kozi inayofundishwa Technical University of Mombasa pale Tudor, akiwa analala nyumbani na kula mbaazi za mama, na kozi hiyo hiyo Nairobi au Eldoret, akilipa kodi ya chumba, chakula na nauli ya kurudi likizo. Karo inaweza kukaribiana, lakini miaka minne ya kodi na chakula yaweza kushinda kipande chote cha nyumbani. Wekeni pia mezani diploma za Kenya Coast National Polytechnic na mafunzo ya Bandari Maritime Academy, bila kuzitaja kama adhabu ya aliyefeli. Kijana anayependa mitambo na aliye karibu na bandari anaweza kuanza kupata kipato miaka miwili kabla ya mwenzake wa shahada, na shahada akaifuata baadaye. Pengine atachagua Nairobi hata hivyo, na sababu zake ziwe nzuri. Sawa. Amechagua akijua bei.

Mfafanulie mkopo kwa maneno makavu. Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, chini sana ya mkopo wowote wa benki. Unatakiwa kuanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, na kutolipa kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Familia isiyotaka mkopo wenye riba inapaswa kuliamua hilo mapema kabisa, kwa sababu kipande hicho cha asilimia 25 au 30 kitarudi nyumbani, na kukitafuta wiki ya usajili ni kuanza kuzunguka na kundi la mchango la WhatsApp.

Mwenye mtoto mdogo ana nafasi ya kupita hatua zote hizi polepole, kuanzia kibubu. Mwenye mtoto aliyebakiza miaka miwili na hana akiba, asihangaike na kibubu wala bima. Afungue MMF au aongeze makato ya SACCO mwezi huu, amwonyeshe kijana daftari, ampe pesa za nusu muhula azisimamie, na likizo ijayo amwachie hesabu ya matumizi ya nyumba kwa wiki moja. Pia aanze kukusanya karatasi zinazoonyesha kipato cha kweli cha familia, risiti za karo za ndugu wengine, na cheti cha kifo kama mzazi mmoja hayupo. Maombi ya ufadhili na mkopo hujazwa mtandaoni kwenye HEF, tovuti ya serikali ya kugharamia elimu ya juu, na aliyewekwa bendi isiyolingana na hali ya nyumbani kwao anaruhusiwa kukata rufaa huko huko. Wanaofanikiwa ni wale wenye karatasi mkononi, kwa hivyo kijana mwenyewe azipange kwenye faili na ajue kila moja inathibitisha nini.